Mtoto Aliyeacha Kukusimulia

Mwezi uliopita, baada ya Alasiri, nilikuwa barazani na kahawa yangu haijapoa, akatokea mama mmoja wa mtaa wa nyuma akimvuta kijana wake kwa ukosi wa shati. Kijana ana miaka 15 na kimo kimeshampita mama yake, kwa hiyo alikuja ameinama. Kwenye kibanda umiza, mpira ukiendelea, amempasua mwenzake usoni kwa kipande cha tofali. Mwenzake kashonwa nyuzi sita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Mzee, mchape wewe. Sisi tumempiga mpaka mikono imechoka, haimwingii tena. Labda kwako ataona haya."

Nikamuuliza swali ambalo huwauliza wote wanaoniletea watoto: "Huyu kijana, mara ya mwisho kukusimulia jambo lake, bila wewe kumuuliza, ilikuwa lini?"

Mama akafikiri. Kijana naye akainua macho kumtazama, kana kwamba jibu lenyewe analitaka. "Alipokuwa darasa la tatu," akasema mama. "Alikuwa na maneno huyu! Mpaka namwambia nyamaza."

Darasa la tatu. Miaka sita ya kula sinia moja na mtoto ambaye hajasema kitu.

Nimechoka, wanangu. Watoto hawajanichosha. Kinachonichosha ni kukabidhiwa fimbo. Nilifundisha shule ya msingi miaka 32, na fimbo ilikaa mezani karibu na chaki. Kanuni ilikuwepo, na tangu 2002 imekazwa zaidi: mwalimu mkuu au aliyemteua, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sikumbuki kuandika hata siku moja. Mikono hii imechapa watoto ambao leo wana wajukuu. Basi mnaponijia na fimbo mnamjia fundi, na fundi anawaambieni kwamba chombo hiki hakijawahi kumtengenezea kitu. Kimemharibia.

Mwanangu wa kwanza nilimchapa kuliko watoto wote wa darasa, nisije nikaonekana nampendelea. Alipofika kidato cha pili akamvunja mwenzake taya. Niliitwa. Nilikwenda na mkanda kiunoni, nikauvua mbele ya walimu wake, nikamchapa hapo hapo ofisini. Hakulia. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, ukutani, palipokuwa na ratiba ya vipindi. Nilitoka pale nikijiona nimeshinda. Kumbe tangu siku ile hadi miaka 14 baadaye nilikuwa napewa salamu tu. Shikamoo baba, marahaba, basi. Akapigana shuleni, akapigana kazini, akapigana harusini kwa watu, na kila mara habari nilizipata kwa majirani.

Binti wa mwanangu huyo ndiye anayenisomea siku hizi. Anasomea ustawi wa jamii. Jioni hukaa hapa na simu yake akinifasiria polepole, maana Kiingereza changu kimeota kutu. Usiku mmoja akaniambia habari ya Richard Tremblay wa Montreal, Kanada, ambaye yeye na wenzake, kuanzia 1984, waliwafuatilia wavulana 1,037 wa mitaa ya kipato cha chini tangu chekechea hadi wakawa watu wazima. Baadaye wakaangalia na watoto wadogo zaidi. Watu walikuwa wakidhani mtoto huanza mpole, kisha makundi yakamfundisha ngumi. Wakakuta kinyume. Umri ambao mwanadamu hupiga, huuma na kusukuma kuliko wakati wowote wa maisha yake ni wa miaka miwili hadi minne. Bahati yetu ngumi ya umri huo haivunji jino. Walio wengi huiacha njiani kadiri wanavyopata kitu kingine cha kutumia, na kitu chenyewe ni maneno. Wachache hawaiachi, wanakua nayo, na siku moja mkono unakuwa na nguvu ya kurusha tofali.

Niliposikia hayo niligundua kwamba maisha yangu yote nimeuliza swali sivyo. Nimekuwa nikiuliza ni nani aliyemfundisha kupiga. Ilipasa niulize ni nani aliyekuwa karibu naye wakati anajifunza kuacha, na alikuwa anamwonyesha nini.

Tunawaonyesha nini? Nimemsikia mwenyewe mwanamke kwenye bomba la mtaa akimwadhibu mwanawe kwa kumpiga mdogo wake. Kila neno alilisindikiza na kofi: "Nisikuone. Tena. Unapiga. Watu." Maneno manne, makofi manne. Mtoto gani atayashika maneno hapo?

Na hilo ni kofi tu. Linaloanza kabla ya kofi ndilo kubwa zaidi, na wengi hawalioni kwa sababu ni la kila siku. Gerald Patterson, wa Oregon kule Marekani, na wenzake waliingia majumbani mwa watu kutazama jinsi mzazi na mtoto mkorofi wanavyojibizana, naye Patterson akaandika kitabu mwaka 1982. Mjukuu wangu alipokuwa ananifasiria nikamwambia simama, nyumba hiyo naijua, iko nyuma ya msikiti.

Mama anasema, "Kachukue mkaa gengeni." Kijana anajibu, "Naenda," haendi. "We, sijakwambia mkaa?" "Kwani mtoto ni mimi peke yangu humu ndani?" Sauti ya mama inapanda, ya kijana inapanda juu yake, majirani wanapunguza redio wasikie. Mwisho mama anafunga khanga: "Basi, acha, nakwenda mwenyewe, laana hiyo." Anakwenda. Kijana ameshinda. Kesho yanaanza tena, lakini leo mama ana mwiko mkononi, kijana anakimbia hadi gengeni. Leo ameshinda mama. Ukitazama vizuri, si kijana si mama aliyejifunza lolote kuhusu mkaa. Wamejifunza kwamba neno peke yake halisogezi kitu, mpaka lipandishwe likawe kelele, na kelele ipandishwe ikawe mwiko. Mazoezi hayo wanayafanya kila jioni, mwaka baada ya mwaka. Halafu kijana anakwenda kibanda umiza, mwenzake anamwambia neno, na katikati ya neno na tofali hana ngazi nyingine ya kukanyaga.

Wasichana nao wamo. Wao hatuwaoni mapema kwa sababu wanaanza na mdomo, lakini nywele zimeshanyofolewa mtaani hapa mbele ya macho yangu.

Kwetu jambo hili si la nyumba moja. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kuhusu ukatili kwa watoto, na matokeo yakatolewa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, na karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walipata kupigwa ngumi, mateke au mijeledi na mtu mzima au mpenzi. Waliotajwa sana ni ndugu wa damu na walimu. Sisi. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa hapa Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wamepata kuchapwa na mwalimu, na nyumbani hali ilikuwa ile ile. Waliochapwa vikali zaidi ndio waliokuwa wakorofi zaidi kwa wenzao, na wazito zaidi wa kusaidia mtu.

Najua mtakachosema. Mtasema wamechapwa sana kwa sababu ni wakorofi. Mjukuu wangu mwenyewe alinitahadharisha hivyo, na yeye ni mtu wa kupima maneno. Ni kweli kuna mtoto anayezaliwa na moto wake. Tumbo moja, ziwa moja, mmoja maji mmoja petroli. Lakini waliofuatilia watoto kwa miaka mingi wanakuta njia inapitika pande zote mbili: ukorofi huita fimbo, na fimbo huongeza ukorofi. Basi mwenye mtoto wa petroli ndiye wa kwanza kuficha kiberiti.

Mtanipiga pia kwa methali, kwa sababu tumerithi nyingi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa nikiisema huku napima urefu wa fimbo. Isomeni tena: iko wapi fimbo humo? Mtoto analia ukimnyima simu, analia ukimwambia hatutoki usiku, analia ukimrudisha akaombe radhi kwa jirani. Vilio hivyo ndivyo usivyopaswa kuviogopa. Na samaki, ndiyo, mkunje angali mbichi. Nimeona samaki wengi Feri, sijapata kuona anayekunjwa kwa nyundo.

Jambo lililonikosesha usingizi lilitoka Uswidi, nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku kuchapa watoto, mwaka 1979. Mwaka 2000, Håkan Stattin na Margaret Kerr waliandika kuhusu vijana 703 wa miaka 14 wa kule na wazazi wao. Ilikuwa inajulikana siku nyingi kwamba mzazi anayejua mwanawe yuko wapi, na nani, anafanya nini, mwanawe huwa na makosa machache. Ikachukuliwa kwamba mzazi huyo anajua kwa sababu anachunga: anauliza, anakagua, anaweka sheria. Wawili hawa wakauliza, anajuaje hasa? Jibu likawa kwamba sehemu kubwa ya anayoyajua ameambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Kuhoji kulileta kidogo.

Basi turudi kwa yule wa darasa la tatu mwenye maneno mengi, tuone ameyaacha wapi. Alikuja akasema, "Mama, kalamu imepotea." Akapata kofi, kalamu nayo isipatikane. Akaja akasema, "Mwalimu amenichapa." Akaongezwa, kwa kuwa mwalimu hachapi bure. (Mimi nilichapa bure mara nyingi, na wazazi wakaniongezea.) Akaja akasema, "Kuna kaka mkubwa njiani ananinyang'anya hela." Baba akamwambia, "Na wewe mpige. Usirudi hapa unalia kama mwanamke." Mtoto ana akili, anajua hesabu. Kila neno alilolileta nyumbani lilitozwa ushuru. Akaacha kuleta. Ninyi mkafurahi, mkasema sasa amekua, ametulia. Hajatulia. Amehamisha soko. Anasimulia kijiweni, na kijiweni kuna watu wanaosikiliza kuliko ninyi, na ushauri wao ni panga.

Mnaikumbuka Januari 2015, jinsi Dar es Salaam ilivyofunga milango kabla ya Isha kwa habari za Panya Road, yale magenge ya vijana wa mapanga. Mnakumbuka na Septemba 2022 walipovuma tena. Kila mtu aliuliza polisi wako wapi. Wengi waliokuwa wakitajwa ni watoto ambao ndevu hazijaota, na kila mmoja alikuwa na nyumba aliyotokea jioni ile. Sisemi kila kijana wa panga alichapwa, wala kwamba kila aliyechapwa atashika panga. Njaa imo, kukosa kazi kumo, dawa za kulevya zimo. Nasema tu kwamba ukiuliza nyumbani kwao, utaambiwa hawakujua anatembea na nani.

Pwani yetu ilikuwa na dawa ya hili, nasi tumeitupa bila kujua ilikuwa dawa. Baba alikuwa mkali, haya, lakini mtoto alikuwa na babu wa kutaniana naye. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, wa kiume mume mwenza, na katikati ya matusi hayo ya mapenzi mtoto anachomeka siri yake. Alikuwa na mjomba. Alikuwa na bibi wa kulala naye kitanda kimoja. Kwenye jando palikuwa na watu wazima wa kukaa naye siku nyingi, na ijapokuwa mengine yalikuwa ya kutisha, palikuwa na maongezi. Leo jando ni asubuhi moja hospitalini, babu yuko Rufiji, mjomba yuko kwenye simu, na nyumba ni chumba kimoja cha kupanga. Baba ni konda, anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa tano usiku. Simkemei mtu kwa umaskini wake. Namwambia tu kwamba katika dakika kumi alizonazo na mwanawe, asizitumie zote kuhukumu.

Hata tembo wanawahitaji wazee. Afrika Kusini, kwenye hifadhi ya Pilanesberg, walihamishia tembo wachanga, mayatima ambao wakubwa wao walikuwa wameuawa kupunguza idadi kwenye hifadhi ya Kruger. Wakakua bila madume wazee. Walipobalehe, ujana wao ukaja mapema na kwa fujo, na kati ya 1992 na 1997 wakaua vifaru zaidi ya arobaini. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Mauaji yakakoma. Sitaki kuwadanganya kwamba tembo mzee ni mpole, akikusukuma unasukumika. Lakini wale vijana hawakuwa wamekosa kusukumwa. Walikuwa wamekosa wakubwa.

Na kazi hii ya kuwa mkubwa wa mtoto huanza mapema kuliko mnavyofikiri. Mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akatembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala akitazama akina mama na watoto wao wachanga. Jambo moja aliloliona linanifurahisha sana: mama aliyekuwa hodari wa kumweleza mgeni habari ndogo ndogo za mwanawe, anapenda nini, anaogopa nini, anaamka vipi, mara nyingi ndiye ambaye mtoto wake alikuwa na utulivu kwake. Kwanza mzazi ndiye anayemsimulia mtoto. Mtoto hujifunza baadaye kujisimulia.

Sasa msiende mkasema mzee fulani kasema watoto waachwe. Mtoto akikosa alipe. Aliyemwaga achote, aliyevunja atengeneze, aliyetukana arudi mlangoni kwa aliyemtukana, na wewe usimame nyuma yake usiseme neno. Ukitamka adhabu ndogo, itimize. Ukitamka kubwa usiyoiweza, umemfundisha mchezo wa mkaa. Mnapogombana baba na mama, kumbukeni chumba ni kimoja na pazia halizuii sauti. Na mtoto akikuletea neno, hata liwe baya kiasi gani, hata liwe, "Mama, nimeiba," lipokee kwanza mikono ikiwa mapajani. Adhabu ina kesho. Neno likirudi ndani halina kesho.

Kama mlango ulishafungwa, wa kugonga ni mkubwa. Mimi nilimwomba mwanangu radhi nikiwa na miaka 58, wodini, nangoja kupasuliwa asubuhi yake. Nilimwambia kuhusu ule mkanda, nikaitaja na ratiba ya vipindi ukutani. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Lakini mwezi uliofuata alikuja kuniuliza shauri la kiwanja.

Yule mama wa mwezi uliopita nilimwambia aende nyumbani, amwache kijana. Kijana sikumuuliza habari ya tofali. Nilitoa bao, nikamwonyesha kugawa kete. Alicheza vibaya na kwa hasira, akawa anapiga kete kama anapigilia misumari. Kesho yake akaja mwenyewe. Siku ya nne, kete zikiwa mkononi, akasema bila kuulizwa, "Alimtukana mama."

Nikamwambia nimesikia. Nikamwambia pia kwamba tofali ni kosa, na nyuzi zile zina bei, shilingi 45,000, ambazo mama wa mwenzake alizikopa. Tukakubaliana atazilipa yeye. Jumamosi anapiga randa kwa seremala wa mtaa wa pili na jioni anazipeleka mwenyewe mlangoni kwao. Kwamba alitukaniwa mama yake, alimwambia mama mwenyewe wiki mbili zilizopita, wakichambua mchicha. Deni limebaki shilingi 12,000.